Waya Chakavu Bafuni kwa Bi Harusi: Huo Si Uwekevu



Leo sina mapishi, sina mishono ya madera, wala sina singo mpya ya kukuelekezeni. Leo nina ugomvi, na nakuombeni mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu ugomvi huu ni kwa ajili ya roho zenu.

Maswali yanayokuja kabla ya harusi yanajulikana. Piko au hina ya kawaida? Mahari yatajwe au yasitajwe? Udi gani haumpandishi bwana mafua? Lakini limekuja moja ambalo limenikaa kooni. Bi harusi mtarajiwa, mtoto wa Unguja, anaolewa Kitangari, wilaya ya Newala, kule mkoa wa Mtwara. Nyumba ya mume inatengenezwa upya. Choo cha uani kinaachwa, chumba cha kulala kinaongezewa bafu la ndani. Marumaru zimeshanunuliwa. Shawa ya maji moto ya umeme imeshanunuliwa. Waya peke yake ndiyo haikununuliwa. Fundi kasema zile zilizong'olewa kwenye vyumba vya zamani bado zinafaa, atazikata, atazivuta upya, na pale zitakapopungua ataziunga. Wakwe wamefurahi, pesa imebaki mfukoni na mali haikutupwa.

Na yeye aliuliza nini? Aliuliza kama ni adabu kwa mwali kuhoji jambo kama hilo.

Jibu langu: ni adabu, na ni haki yako. Na anayekwambia unyamaze kwa sababu "mambo ya umeme ni ya wanaume," mwulize nani ataingia humo bafuni miguu mitupu mara nyingi zaidi kwa siku, yeye au wewe.

Kitangari si peke yake

Kwanza niseme wazi kwamba siwacheki watu wa Kitangari. Nyumba za namna hii zimejaa Mwera, zimejaa Chake, zimejaa Tandika. Lakini kule kuna habari yake, na tukiijua tutaelewa kwa nini bafu la ndani ni jambo kubwa.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya kichanga. Mvua ikinyesha, ardhi inaimeza. Kwa miaka na miaka wanawake wa Newala na Tandahimba walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Tangu enzi za Mwingereza maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kupelekwa juu. Kwa hiyo mwanamke wa huko akisema "nina bomba chumbani," hasemi maneno madogo. Bibi yake alikuwa akilihesabu kila kata ya maji.

Umeme nao ni mgeni katika nyumba nyingi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na vijiji vingi vya kusini vimefikiwa baada ya hapo. Mwanakijiji ameunganishiwa kwa shilingi 27,000. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ile 27,000 inaleta umeme mpaka kwenye luku. Waya za ndani ni juu ya mwenye nyumba, na wengi walianza kwa kidogo walichoweza: taa mbili, soketi ya kuchajia simu, televisheni. Wengine walianza na kile kisanduku cha UMETA tu, kinachoning'inia ukutani na swichi zake. Waya ziliwekwa kwa kazi hiyo ndogo, na kazi hiyo zilizifanya vizuri.

Kisha korosho ikauzika. Pesa ya mnada ikaingia, kijana akataka kuoa, na nyumba ikaanza kuvunjwavunjwa. Hapo ndipo waya wa taa ya sebuleni unapopandishwa cheo, unaambiwa ukabebe shawa ya maji moto.

Usinitajie israfu

Hoja ya kwanza ya wanaotetea waya chakavu ni dini. "Waislamu hatufanyi israfu. Kitu kizima hakitupwi." Na kweli, Surat Al-Isra, aya ya 26 na 27, zinatukataza ubadhirifu na zinawahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Naiamini aya hiyo, naifundisha, na nikiona sahani ya biriani inamwagwa harusini moyo unaniuma.

Lakini msomaji asisimame hapo. Asonge aya mbili tu mbele, aya ya 29 ya sura hiyo hiyo, akute makatazo ya yule aliyeufunga mkono wake shingoni, asiyetoa hata penye haja. Mola wetu amekataza yote mawili. Basi tuulize: katika nyumba hii ya harusi, mkono umefungwa wapi na umefunguliwa wapi?

Umefunguliwa kwenye marumaru za maua, kwa sababu zinaonekana. Umefunguliwa kwenye keki ya ghorofa tatu, kwenye sare za mawifi, kwenye mapambo ya ukumbi yatakayokaa saa tano. Umefungwa kwenye mita chache za waya ambazo zitakuwa ndani ya ukuta miaka ishirini, pale mtoto wako wa kwanza atakapoogeshwa. Nenda dukani uulize bei ya waya mpya wa bafu moja, kisha uiweke pembeni ya bei ya keki. Halafu njoo unitajie neno israfu.

Na kuna aya nyingine isiyotajwa na fundi huyu. Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Na kuna ile kauli mashuhuri ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, iliyo katika Arubaini za Imam Nawawi, inayokataza kudhuru na kudhuriana. Kuna na hadithi nyengine katika Bukhari, inayotuagiza kuzima taa usiku, kwa sababu panya huweza kuuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Panya bado wapo. Siku hizi hawaburuti utambi, wanatafuna waya darini. Dini iliyojali utambi na panya, inyamaze juu ya waya uliotafunwa?

Sasa tuhesabu

Hoja ya pili ni hii: "Waya ni waya. Shaba haiozi." Hii nayo tuipime kwa hesabu, na hesabu haina ukwe wala udugu.

Shawa nyingi za maji moto za papo kwa papo zinazouzwa madukani kwetu zinakula kiasi cha wati 5,500. Umeme wetu ni wa volti 230. Gawa: unapata karibu ampea 24. Waya wa taa ni wa milimita moja na nusu, nao umekusudiwa kubeba kiasi cha ampea 15 ukiwa ndani ya bomba ukutani. Ukiulazimisha ubebe 24, joto halizidi kwa kadiri ileile ya umeme. Linazidi kwa mraba wake. Ishirini na nne kwa kumi na tano ni moja nukta sita. Zidisha kwa yenyewe: joto limekuwa mara mbili na nusu ya lile waya uliloandaliwa kulistahimili. Na halionekani, limezibwa kwa saruji na marumaru za maua. Ndiyo maana shawa hutakiwa iwe na waya wake peke yake, mnene, kwa kawaida milimita sita, na saketi breka yake peke yake kutoka kwenye mein swichi.

Na huo ni waya mpya. Wa zamani je? Plastiki yake imeshapikwa na joto la dari ya bati kwa miaka, imekakamaa. Ukiing'oa ukutani inakwaruzika. Ukiikunja inapasuka nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Pale ulipomenywa mara ya kwanza, kisu kimekata nyuzi mbili tatu za shaba. Halafu unaungwa kwa kusokotwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Bafuni kuna mvuke kila siku. Gundi ya tepu inalainika, unyevu unaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na pale penye kutu panakuwa pagumu kwa umeme kupita. Pagumu maana yake pa moto. Shaba haiozi, kweli. Kinachooza ni kile kilichoivika shaba nguo.

Kuna na suala la rangi. Nyumba za zamani ziliwekwa waya nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Siku hizi moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani yenye mstari wa njano. Fundi akichanganya vipande vya zamani na vipya ukuta mmoja, yeye anajua leo alichounga na wapi. Atakayefungua ukuta huo baada ya miaka saba atakisia. Anayekisia kwenye umeme anacheza kamari, na kamari tunajua hukumu yake.

Mchanga uleule uliomeza maji

Hapa nawaomba dada zangu wa uwanda wa Makonde wanisikilize kwa makini, kwa sababu hili linawahusu kuliko sisi.

Ethi ni ile fimbo ya chuma au shaba iliyopigiliwa chini nje ya nyumba, yenye waya wa kijani na njano. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Lakini ardhi hupitisha umeme vizuri ikiwa na unyevunyevu. Mchanga mkavu ni mpitishaji mbaya. Ule mchanga uleule ulioyameza maji ya mvua ukawaacha bibi zetu wakitembea na ndoo, ndio huohuo unaoidhoofisha ethi, hasa kiangazi.

Tufanye hesabu ya mfano. Ikiwa ukinzani wa ethi yako ni omu 100, shawa ikaharibika umeme ukavuja, kitakachopita kwenda ardhini ni ampea 2.3 tu. Saketi breka ya ampea 16 au 32 haishtuki kwa ampea mbili. Itakaa imewaka, bomba lako limejaa umeme, na wewe unafungua maji utie udhu.

Kinga ya hapo ni swichi inayokata umeme unapovuja, mafundi wanaiita RCD. Hiyo haingoji ampea 16. Ikihisi miliampea 30 zimepotea njia, inakata kwa chini ya nusu sekunde. Miliampea 30 ndicho kiwango kilichochaguliwa kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa mwanadamu uko hatarini. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara. Isipokata, imekufa, badilisha. Nayo isiachie ethi kulegea: fundi anayejua kazi ataipigilia fimbo ndani zaidi, au ataongeza ya pili, kisha ATAPIMA. Asiyepima amebahatisha.

Bafu lenye marumaru za dhahabu bila RCD ni kaburi lililopakwa rangi. Nimesema.

Kandambili si kinga

Sasa nije kwenye dawa ya mitaani. Nyumba ngapi mnazijua ambazo bibi harusi akifika anaambiwa na wifi: "Ukioga vaa kandambili, shawa yetu inapiga kidogo"?

Inapiga kidogo! Nyumba inayokwambia uvae kandambili ndipo uoge imeshakiri kosa lake kwa mdomo wake. Anayetekenywa leo ni kwa sababu ngozi yake, soli yake na bahati yake vimegawana ule umeme. Kesho ngozi itakuwa imelowa zaidi na mkono utashika bomba.

Na kuna jambo ambalo mafundi hawalijui na masheikh hawakuulizwa. Mwanamke wa Kiislamu haogi kwa ajili ya jasho tu. Anaoga janaba, anaoga hedhi ikimalizika, anaoga nifasi. Na katika josho hilo maji yafike mwili mzima, shina la nywele, mikunjo, na nyayo. Nyayo hazifikiwi na maji zikiwa zimegandamana na kandambili. Lazima azivue. Basi nyumba hiyo imemweka mwanamke baina ya mawili: aitimize ibada yake akiwa hatarini, au ajihifadhi na josho lake liwe na mashaka. Nani alimpa fundi, au mume, au mavyaa, haki ya kumchagulia hivyo?

Wanaume wengi watatia udhu msikitini. Yeye ni nyumbani mara tano. Akijifungua, atakandwa kwa maji ya moto siku arubaini humohumo. Mtoto ataogeshwa humo. Kwa hiyo anayesema "hili ni jambo la mume" hajahesabu ni miguu ya nani inayokanyaga hiyo sakafu.

Cha zamani kinachofaa na kisichofaa

Sitaki mtu aseme nimekuja kuwatupisha watu mali. Kipo cha zamani kinachobaki, na insafu ni kukitaja.

Mabomba ya konduti yaliyomo ukutani, kama hayajapasuka na hayana maji, yanabaki. Masanduku ya swichi yasiyo na kutu yanabaki. Waya uliopo mahali pake, usiong'olewa, unaohudumia taa za chumba kikavu, unaweza kubaki kama fundi ameupima kwa mega kwa volti 500 na ukasoma megaomu 1 au zaidi. Akisema "nimeangalia kwa macho," hajapima. Swichi na soketi ambazo hazijaungua wala kulegea zinaweza kutumika sehemu kavu.

Kisichorudi ni waya uliong'olewa. Huo hauingii bafuni, hauingii jikoni, hauungwi kuwa mrefu, hauzikwi chini ya saruji. Uuze kwa mizani kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Shaba ina bei nzuri, na pesa hiyo itakusaidia kununua mpya. Hapo ndipo ulipo uwekevu wa kweli. Ila usiuchome moto uani ili kupata shaba. Moshi wa ile plastiki ni sumu, na watoto ndio wa kwanza kuuvuta.

Bafuni kwenyewe: soketi isiwepo. Swichi ya shawa iwe nje ya mlango, au ile ya kuvuta kamba. Taa iwe yenye kifuniko kisichopitisha maji. Mabomba ya chuma yaunganishwe na ethi.

"Mbona za bibi hazijamuua mtu?"

Najua mtaniuliza hili. Nyumba ya bibi ina waya za miaka thelathini na wote wazima, alhamdulillah.

Nyumba ya bibi ina balbu tatu na redio. Bibi anaoga kwa ndoo na kata. Waya wake haujawahi kuombwa kubeba ampea 24, wala haujawahi kung'olewa ukahamishwa. Msimlinganishe mzee aliyekaa barazani kwa amani na mzee aliyetwishwa gunia la korosho akaambiwa apande mlima wa Newala.

Na wanaosema "Allah ndiye mlinzi": ndiye, wala hatuna mwingine. Lakini hao hao wanafunga mlango kwa kufuli usiku. Kwa nini mwizi anafungiwa mlango, na umeme unaachiwa dua peke yake?

Uulize nini, na umwambie nani

Masomo na makungwi, hapa nawasemesha nyinyi kwa heshima yenu. Mwali mnamfundisha usafi, mnamfundisha liwa na asumini, mnamfundisha namna ya kumpokea mumewe. Mnamfundisha mpaka namna ya kukunja taulo. Hakuna anayemwonesha mein swichi iko wapi. Mwongezeeni somo moja tu: swichi kubwa ni hii, ukisikia harufu ya plastiki, ukiona swichi ina joto, ukitekenywa na bomba, shusha hii kwanza kabla ya kuita mtu. Na mtu akinaswa na umeme usimshike kwa mkono wako. Shusha swichi, na kama huwezi, msukume kwa mti mkavu. Mafunzo hayo hayachukui muda wa kupaka hina mkono mmoja.

Na wewe bi harusi, mweleze mchumba wako kabla ya siku, kwa upole, mbele ya kaka yako au baba yako ikibidi. Mwambie hivi: "Sitaki marumaru za maua, nipunguzie hapo. Nataka waya mpya wa shawa, RCD, na ethi iliyopimwa." Mwombe fundi awe na leseni ya EWURA, kwani huku Bara ndio wanaotoa leseni za mafundi umeme. Usione haya kuomba kuiona. Unapima hata unga wa maandazi, utaona haya kuuliza leseni ya aliyeshika roho yako? Mume mwema atafurahi kuwa ameoa mwenye akili. Asiyefurahi, amekujulisha jambo mapema.

Na nyinyi mama wakwe wa Kitangari na wa kwingine kote: huyo mwali ni amana mmekabidhiwa na wazee wake. Hamtamlisha chakula kilicholala wiki mbili. Msimwogeshe kwa waya uliokwisha umri.

Marumaru za rangi moja, zisizo na ua hata moja, zitamtosha. Allah azibariki ndoa zenu, azilinde nyumba zenu na moto wa dunia na wa Akhera, na awape waume wenye kusikia. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.